Muguka Tumeujadili, Mapigo ya Moyo ya Vijana Nani Atayahesabu?



Mei 2024 Pwani nzima ilikuwa ikizungumza jambo moja. Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Shariff Nassir, alipiga marufuku kuingizwa, kuuzwa na kutumiwa kwa muguka katika kaunti yake. Gideon Mung'aro wa Kilifi akafuata, na Andrew Mwadime wa Taita Taveta naye hakubaki nyuma. Embu ikawaka moto. Gavana Cecily Mbarire na viongozi wenzake wakaenda Ikulu, na siku chache baada ya tangazo la Mombasa, Rais William Ruto akasema marufuku hayo hayana nguvu, kwa kuwa zao hilo linatambuliwa na Sheria ya Mazao ya 2013 na Kanuni za Miraa za 2023. Mahakama Kuu ya Embu nayo ikayasimamisha kwa muda.

Tangu siku hizo kila upande una hesabu yake. Embu huhesabu familia zinazokula na watoto wanaolipiwa karo kwa jani hilo. Sisi wa Pwani huhesabu vijana walioacha kazi, ndoa zilizovunjika na maskani zilizojaa hadi usiku wa manane. Wanasiasa, kama kawaida yao, wanahesabu kura. Hesabu zote hizo nimezisikia redioni, msikitini na barazani. Ila moja sijaisikia popote: moyo wa kijana wa miaka kumi na tano, akiwa ameketi kimya bila kufanya lolote, unapiga mara ngapi kwa dakika?

Swali hili laweza kuonekana dogo mbele ya malumbano makubwa kama yale. Mimi naliona kubwa, na naliuliza kwa kijana wa Kisauni kama ninavyoliuliza kwa kijana wa Kiritiri kule Mbeere, na wa Maua kule Igembe. Si daktari mimi. Nina diploma ya maendeleo ya jamii na mazoea ya kusoma kabla ya kusema. Niliyoyasoma na niliyoyaona yananitosha kusema kwamba tunapishana na dalili ambayo kuipima hakugharimu hata shilingi.

Kwanza, mapigo yenyewe

Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Kijana aliyekwisha kubaleghe huwa humo humo. Anayefanya mazoezi sana, kama mchezaji wa mpira au mkimbiaji, anaweza kuwa chini ya 60 na akawa mzima kabisa, kwa sababu moyo wenye nguvu husukuma damu nyingi kwa pigo moja na hauna haja ya kuharakisha.

Basi mapigo ya mapumziko yanahusianaje na sukari na mafuta mwilini? Mwili una mishipa ya fahamu inayouhimiza moyo, na mingine inayoutuliza. Kijana anapoketi mchana kutwa, akanenepa kiunoni, akalala saa chache na kunywa vinywaji vitamu kila siku, misuli yake huanza kuwa migumu kuitikia insulini, ile homoni inayoingiza sukari ndani ya seli. Kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi, na insulini ikizidi huichochea ile mishipa inayouhimiza moyo. Kwa hiyo moyo huweza kwenda mbio hata mwenyewe akiwa ametulia, wakati kipimo cha sukari bado kinaonyesha kwamba mambo ni sawa.

Ndiyo maana watafiti wa nchi mbalimbali wameyatazama mapigo ya vijana pamoja na presha, mafuta na sukari kwenye damu. Huko Brazil, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 juu ya watoto na vijana wanene ulionyesha kwamba wenye mapigo ya juu walielekea pia kuwa na mafuta mengi zaidi kwenye damu. Hilo halina maana kwamba mapigo ya haraka ndiyo yanayoleta mafuta. Maana yake ni kwamba vitu hivi hutembea pamoja, na kimoja kati yake chaweza kuhesabiwa kwa vidole viwili na saa ya ukutani.

Sasa tuuingize muguka

Miraa ya Meru na muguka wa Embu ni ndugu wa mti mmoja. Miraa, inayotoka zaidi Igembe na milima ya Nyambene, ndiyo iliyozoea kusafiri ng'ambo. Soko la Uingereza lilipofungwa Juni 2014, na la Somalia likafungwa Machi 2020 hadi Julai 2022, wakulima wa huko walilia. Muguka wa Mbeere ni majani mafupi, huuzwa kwa bei nafuu, na soko lake kubwa ni humu humu nchini, sisi wa Pwani tukiwa wateja wakubwa.

Ndani ya jani bichi mna kemikali iitwayo kathinoni, jamaa wa karibu wa amfetamini. Huanza kupungua nguvu baada ya siku mbili hivi tangu jani kuchumwa, na ndiyo sababu yale magari hukimbia usiku kama yanafukuzwa. Kathinoni yenyewe imo katika orodha ya kwanza, iliyo kali kuliko zote, ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, ilhali jani lenyewe halimo katika mkataba huo. Wanaolitetea jani na wanaolipinga wote huanzia hapo.

Kazi ya kathinoni kwa moyo haina ubishi. Huamsha ile mishipa inayouhimiza moyo: mapigo hupanda, presha hupanda, njaa hupotea na usingizi hukimbia. Huko Yemen, ambako watu hutafuna tangu enzi, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliwalinganisha wagonjwa waliopatwa na shtuko la moyo na watu wengine, ukaona kwamba walaji wakubwa walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Wale walikuwa watu wazima. Wetu wanaanza wakiwa wangali na sare ya shule.

Kuhusu jani na kisukari, tafiti hazijakubaliana. Zipo zinazoona sukari ikipanda na zipo zisizoona kitu. Lakini tuache maabara, tutazame maskani. Jani ni chungu, kwa hiyo huandamana na chingamu, peremende na soda. Soda ya kola ya nusu lita huwa na takriban gramu 50 za sukari, yaani vijiko vya chai kumi na viwili. Kijana hutafuna jioni, hali chakula cha usiku, halali hadi alfajiri, kisha njaa humvamia saa nne asubuhi, naye huimaliza kwa chipsi na soda nyingine. Kukosa usingizi peke yake huufanya mwili uwe mzito kuitikia insulini, hilo limethibitishwa. Hata kama jani lisingekuwa na dhambi nyingine, hiyo misafara inayolizunguka inatosha kumharibu mtoto.

Niliyoyaona Embu na Meru

Tuna tabia sisi wa Pwani ya kuzungumza kama kwamba watu wa Mlima Kenya wanatuletea maradhi huku wao wamekaa salama. Likizo moja ya Agosti nilikwenda Embu kumjulia hali mpwa wangu anayesoma huko, kisha tukapanda pamoja kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu hadi Meru mjini. Njia nzima ni miteremko, chai, ndizi na hewa baridi. Mgeni huona pahali pa afya tupu. Babu na bibi wa huko walipanda vilima hivyo kwa miguu, wakala githeri, viazi vitamu na nduma.

Wajukuu wao wanapanda bodaboda. Mbele ya kila kituo cha magari kuna vibanda vya chipsi na soseji kama vyetu vya Mtwapa, na makopo ya vinywaji vya kuchangamsha mwili yamepangwa dirishani. Wavulana hupata fedha za haraka mashambani kwa kuchuma na kufunga majani, na kwa muda mrefu sasa wazee wa Igembe wamekuwa wakilalamika kwamba kazi hiyo inawatoa watoto darasani. Ambaye mkono wake umo ndani ya jani mchana kutwa, kulitia mdomoni ni hatua moja tu.

Nyumba tuliyofikia Embu, mwenyeji wetu ni mhudumu wa afya ya jamii. Ni mmoja wa wale takriban laki moja ambao serikali iliwapa mikoba ya vifaa Septemba 2023. Ndani ya mkoba wake mna mizani, kipima sukari na mashine ya presha. Jioni moja vijana wanne walikuwa sebuleni, mpwa wangu na rafiki zake watatu, nikamwomba awapime kwa udadisi wangu tu.

Mashine ikatoa tarakimu tatu. Mpwa wangu akauliza, "Mjomba, hizi mbili za juu najua ni presha. Hii ya chini ni ya nini?"

Nikamwambia hayo ndiyo mapigo ya moyo. Yake yalikuwa 62. Ni mchezaji wa mpira na kila siku hupanda kilima kwenda shule. Wawili walikuwa na 74 na 81. Wa nne, mwembamba, mcheshi, alikuwa na 97. Tukangoja dakika kumi, akapimwa tena, 95. Presha yake haikuwa na neno. Mwenyeji wetu akamuuliza kwa upole, kama mama amuulizavyo mwanawe, alale saa ngapi na anywe nini. Akacheka kwanza. Kisha akasema usiku wa kuamkia siku hiyo alikesha akitazama mpira, na kwamba "kidogo kidogo" wikendi huwa anatafuna na wenzake.

Vijana wanne si utafiti, na sitajenga hoja ya taifa juu ya sebule moja. Lililonikaa moyoni ni jibu la mwenyeji wetu nilipomuuliza kama huitazama tarakimu ile ya tatu. Alisema watu humuuliza presha, wala hakuna anayeulizia hiyo nyingine. Na vijana hawamuulizi chochote, kwa sababu presha inajulikana kuwa ugonjwa wa wazee.

Pengo katika takwimu zetu

Hapo nikakumbuka jambo. Mwaka 2015 Kenya ilifanya uchunguzi mkubwa wa magonjwa yasiyoambukiza. Ulionyesha kwamba asilimia 27 ya watu wazima walikuwa na uzito uliozidi au unene, karibu asilimia 24 walikuwa na presha ya juu, na asilimia 56 hawakuwa wamewahi kupimwa presha maishani mwao. Ni takwimu za kutisha, lakini tazama umri: waliopimwa walikuwa wa miaka 18 hadi 69. Kijana wa miaka kumi na tano hakuhesabiwa.

Sasa linganisha na uchunguzi wa NACADA wa 2022 kuhusu dawa za kulevya. Huo ulianzia miaka 15 hadi 65, ukakadiria kwamba watu 964,737 walikuwa wakitumia miraa na muguka, yaani mmoja katika kila 28. Kwa hiyo huku tunamhesabu kijana wa miaka 15 kama mlaji, na kule moyo wake tunaanza kuuhesabu akifika 18. Miaka hiyo mitatu katikati, ambayo ndiyo mwili unakomaa na mazoea yanaota mizizi, hatuna tunalolijua.

Shirika la Afya Duniani linataka kila kijana apate wastani wa dakika 60 za mwendo wa kutoa jasho kila siku. Kwa takwimu za 2016, vijana wanne kati ya watano duniani, wa miaka 11 hadi 17, hawafikii hapo. Shuleni kwetu somo la michezo limo kwenye ratiba. Muulize mwanao ni mara ngapi hugeuzwa kuwa la hesabati mtihani unapokaribia.

Tusije tukakosea kuusoma

Najua nikiishia hapa kuna mzazi atamkamata mwanawe mkono, ahesabu 92, kisha amtuhumu kwamba anakula muguka. Hiyo itakuwa dhuluma. Mapigo hupanda kwa sababu nyingi: homa, woga, kiu, chai kali, dawa za pumu, hata joto. Adhuhuri ya Mombasa mwezi wa Februari si sawa na asubuhi ya Meru, mji ulio mita 1,500 hivi juu ya bahari, na ukitaka kulinganisha lazima upime kwa utulivu ule ule na saa ile ile.

Sababu moja yatuhusu sana sisi wa Pwani, nayo ni upungufu wa damu. Msichana aliyepungukiwa na madini ya chuma, au mtoto mwenye selimundu, ugonjwa ambao Kilifi tunaujua vizuri, moyo wake huenda mbio ili kufidia damu isiyotosha. Huyo hahitaji mahubiri kuhusu soda; anahitaji kupimwa damu. Mapigo ya haraka ni sawa na mtu kubisha hodi mlangoni. Yanakwambia kuna mtu nje, na ni juu yako kufungua uone ni nani.

Njia ya kupima ni hii. Kijana apimwe asubuhi kabla hajatoka kitandani, au akae kimya dakika tano. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, chini ya kifundo cha mkono upande wa dole gumba. Usitumie dole gumba lenyewe kwani nalo lina mapigo yake. Hesabu dakika nzima. Fanya hivyo asubuhi tatu, uandike. Yakizidi 100 kila mara, mpeleke zahanati. Yakiwa yanakaa kwenye themanini za juu au tisini, na unaona kiuno kinaongezeka, pumzi inakatika ngazini au usingizi ni mchache, tazama maisha yake na uombe apimwe presha, sukari na damu. Yakiwa chini ya 60 naye ni mwanamichezo, shukuru Mola. Lakini akiwa na kizunguzungu au anazirai, naye aende zahanati.

Kinachowezekana bila kwenda Ikulu

Marufuku ya magavana wetu yalikwama Ikulu na mahakamani. Ila hakuna rais wala jaji anayeweza kumzuia gavana kupima mioyo ya watoto. Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti huduma za afya za mashinani. Mombasa, Kilifi, Kwale na Lamu zinalo jukumu hilo, na Meru na Embu zinalo vile vile. Wahudumu wa jamii wapo, mashine wanazo, na tarakimu ya tatu hutoka yenyewe bila kuongezwa hata senti.

Ningependa kuona kaunti moja ya Pwani na moja ya huko juu zikikubaliana jambo dogo: kila muhula, vijana wa shule chache zilizochaguliwa wapimwe mapigo, uzito, urefu na presha, bila majina kutangazwa na bila mtoto kufukuzwa shule kwa sababu ya matokeo. Wenye dalili wapelekwe zahanati. Baada ya mwaka mmoja tuwe na hesabu yetu wenyewe. Mkulima wa Mbeere akisema jani halimdhuru mtoto, tumwonyeshe. Nasi tukisema maovu yote ya vijana wetu yameletwa na lori la Embu, tuonyeshwe nasi vijana ambao hawajawahi kulitia mdomoni, lakini mioyo inakwenda mbio kwa sababu ya viti, simu, viazi karai na sharubati yenye sukari ya kumwaga.

Na hapo naona ndipo penye ugumu. Hesabu kama hiyo haitampendeza mtu yeyote. Embu italazimika kukiri kwamba kinacholipa karo kinaweza kuwa kinamla anayelipiwa. Pwani nayo italazimika kutazama sahani yake, madrasa ambazo watoto hukaa tangu alasiri hadi magharibi bila kunyoosha miguu, na viwanja vya mpira vilivyogeuzwa majumba ya kupangisha. Ni rahisi zaidi kurushiana maneno kutoka kaunti hadi kaunti.

Dini yetu inatufunza kwamba mwili ni amana, na kwamba siku ya hesabu ujana utaulizwa umemalizwa katika jambo gani. Amana hukaguliwa ingali mikononi. Wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe tunaujua bei yake: ni foleni za kliniki ya kisukari, ni mama anayeuza vyombo vya ndani apate dawa za presha za mumewe wa miaka arobaini.

Kesho asubuhi, kabla ya chai, mshike mwanao mkono uhesabu dakika moja. Kisha diwani wako akija kuomba kura, muulize kama anajua mioyo ya vijana wa wadi yake inapiga mara ngapi.